Cheti kinasema nilifika Point Lenana

Nimesubiri hasira ipoe kabla ya kuandika, nayo haikupoa. Wakati wa likizo ndefu iliyopita nilikuwa mmoja wa wanachuo 18 wa Tanzania waliokwenda Kenya kwa karibu mwezi mzima, katika safari iliyounganisha mazoezi ya riadha Iten, kazi ya kujitolea katika shule ya msingi karibu na Nanyuki, na kupanda Mlima Kenya mwishoni, hadi kilele chake kiitwacho Point Lenana. Ratiba, ada na orodha ya vifaa hupewa yeyote anayeuliza, kwa hiyo sitavirudia. Ninachotaka kueleza ni usiku mmoja, na maneno niliyoyasikia usiku huo kutoka kwa mratibu wetu. Mkitaka ushauri wangu kabla ya kusoma mengine, ni huu: msiende.

Hata hivyo haki inanidai nianze na Iten, kwa sababu Iten haikunikosea lolote. Mji huo uko kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, ukingoni mwa Bonde la Kerio, na mtu aliyekulia Dar es Salaam kama mimi huihisi tofauti anapopanda ngazi tu za bweni, kabla hata hajafunga kamba za viatu vya kukimbilia. Kocha tuliyekabidhiwa, mtu mzima na mpole aliyetuita "watoto wangu" tangu siku ya kwanza, alitukataza kukimbia kwa siku tatu. Tulitembea tu. Alitueleza kwamba sehemu ya oksijeni katika hewa haibadiliki, ila mgandamizo wa hewa ndio unaopungua kadiri mtu anavyopanda, hivyo pumzi moja ya Iten huleta kama robo tatu ya oksijeni ambayo pumzi hiyo hiyo ingeleta pwani. Mwili ukihisi upungufu huo, figo huchochea utengenezaji wa chembe nyekundu za damu, na kazi hiyo huchukua majuma kadhaa, haiharakishwi kwa ubishi. "Damu inajengwa," alikuwa akisema. "Mwacheni fundi afanye kazi yake." Kauli hiyo niliikumbuka baadaye, mahali pabaya.

Huyu huyu kocha, alipojua kwamba tumetoka Tanzania, swali lake la kwanza lilikuwa kama tunajua Filbert Bayi alikimbiaje mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, jinsi alivyoshika uongozi tangu mwanzo na kutouachia hadi utepe, akaweka rekodi ya dunia huku Mkenya Ben Jipcho akiwa wa tatu. Nusu yetu hatukujua. Niliona haya, kisha nikaona fahari, na jioni ile hatukuzungumza habari nyingine bwenini.

Alhamisi za Iten nitazisimulia hadi uzeeni. Asubuhi hiyo wakimbiaji zaidi ya 100 hukusanyika kwenye barabara ya udongo mwekundu kwa mazoezi ya fatleki, ambayo ni kubadilisha kasi, dakika moja kwa nguvu na dakika moja taratibu, tena na tena, kilima baada ya kilima, na hakuna anayekuuliza una medali ngapi. Katika mji huo ndiko alikofanyia mazoezi David Rudisha kabla ya kukimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 kule London mwaka 2012. Mimi niliachwa kwenye kilima cha pili. Dada mmoja aliyenikuta pale nikihema alipunguza mwendo, akawa sambamba nami kwa hatua chache, akasema, "Pole, kaka, utarudi Alhamisi ijayo," kisha akaondoka kama aliyekuwa amesimama muda wote na sasa ndiyo anaanza. Alhamisi iliyofuata niliachwa kwenye kilima cha nne.

Shuleni nako sina ugomvi na kazi yenyewe. Tulijenga msingi wa tangi la maji ya mvua chini ya fundi wa kijiji hicho, mtu asiye na haraka wala maneno mengi. Siku ya pili alichukua mpira mrefu unaopitisha mwanga, akaujaza maji, akanipa ncha moja niishike kwenye kona ya msingi, naye akaenda na ncha ya pili kwenye kona ya mbali. Tulisubiri maji yatulie, tukachora alama kwa penseli pale yalipokoma. Upande wangu ulikuwa chini kwa upana wa kidole kimoja. Alitufanya tubomoe safu nzima ya mawe tuianze upya, akatueleza kwamba tangi la lita 5,000 likijaa ni tani tano za uzito juu ya vichwa vya watoto wanaochezea hapo, na kidole kimoja leo ni ufa kesho. Hakuna aliyenung'unika. Kazi ilimalizika siku iliyopangwa.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na nataka jambo hili lieleweke vizuri, kwa kuwa watu wengi niliowasimulia hulipita haraka wakakimbilia habari za mlima. Tangi lilikuwa tayari, lakini mgeni rasmi wa sherehe ya kulikabidhi hakuweza kuja siku ile. Mratibu alikubali kusubiri. Tulisubiri siku nzima, mgeni akaja kesho yake, utepe ukakatwa, picha zikapigwa nyingi, na sisi tukapiga makofi juani pamoja na watoto waliokuwa na kiu mbele ya tangi ambalo halijapata mvua. Siku hiyo ilipaswa kufidiwa mahali fulani, na ilifidiwa mlimani. Ratiba tuliyopewa kwa maandishi ilikuwa na usiku mbili kwenye kambi ya Shipton, ili miili izoee hewa kabla ya kwenda kileleni. Ndani ya basi tulitangaziwa kwamba usiku mmoja umeondolewa. "Ninyi ni wanariadha, mmetoka Iten," mratibu alisema, "hamhitaji siku ya kupumzika." Tulishangilia. Nami nilishangilia.

Anayewaambia vijana maneno hayo hajui mlima, au anaujua na hajali. Kutoka lango la Sirimon tulilala kambi ya Old Moses, mita 3,300, na usiku uliofuata tukalala Shipton, mita 4,200. Ni mita 900 kati ya kitanda na kitanda, ilhali ushauri unaojulikana kwa wapanda milima ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Kambi za njia ile zimekaa mbali mbali, mtu hawezi kuigawa safari apendavyo, na kwa sababu hiyo hasa siku ya ziada huwekwa Shipton. Kuwa na mapafu ya mkimbiaji hakukukingi na ugonjwa wa mwinuko. Majuma mawili ya Iten husaidia kiasi, lakini tulikuwa tumeshashuka Nanyuki kwa zaidi ya wiki, na Iten kwenyewe ni nusu tu ya urefu wa Point Lenana. Tena mwenye mbio hujidhuru kwa urahisi zaidi, kwa kuwa anaweza kupanda haraka kuliko mwili wake unavyoweza kuzoea.

Aliyeugua alikuwa ndiye mwenye mbio kuliko sote. Ni rafiki yangu tangu mwaka wa kwanza wa chuo. Yeye peke yake katika kundi letu ndiye aliyemaliza fatleki ya Alhamisi ya pili bila kuachwa. Mchana, tukipita katika bonde la Mackinder kati ya ile mimea ya lobelia iliyosimama kama nguzo, alianza kusema kichwa kinamgonga. Jioni alikataa chakula. Usiku ulipoingia alitapika mara tatu, akakaa chini ukutani na macho yake yakawa yanachelewa kunifuata ninapozungumza naye.

Nilimwendea mratibu. Alikuwa mezani ndani ya nyumba ya kulala wageni, amewasha tochi ya kichwani, na mbele yake pana bahasha kubwa ya vyeti. Alikuwa akiandika majina yetu. Nikamwambia, "Samahani, kaka, mwenzangu anatapika na kichwa kinamuuma tangu mchana, tunaomba ashushwe." Hakuinua uso. Alimalizia jina alilokuwa akiliandika, akapuliza wino ukauke, akasema: "Kichwa si mguu, kijana. Mlima unapandwa kwa miguu." Kisha akachukua cheti kingine.

Nimeyarudia maneno hayo kichwani kila siku tangu nirudi. Nimejaribu kumtetea: labda alikuwa amechoka, labda alidhani ni woga, labda wengine walishamsumbua na malalamiko ya uongo. Utetezi wote huo unavunjika kwa jambo moja, nalo ni kwamba alisubiri wino ukauke.

Aliyetuokoa ni mwongozaji, mzee wa kando ya mlima huo huo, aliyekuwa akinywa chai karibu na mlango na kusikia yote. Nilipomwamkia shikamoo siku ya kwanza alicheka kwa furaha, akaitikia marahaba, na tangu hapo alinichukua kama mwanawe. Hakumuuliza mratibu kitu. Aliniuliza tu, "Yuko wapi?" Akamtoa rafiki yangu nje, akachora mstari mnyoofu kwenye vumbi kwa fimbo yake, akamulika tochi, akamwambia, "Tembea juu ya mstari huu, kisigino kiguse vidole, taratibu." Rafiki yangu alipiga hatua tatu. Ya nne ilikwenda pembeni, ya tano ikamwangusha, na mzee akamdaka kabla hajafika chini. Mtu aliyelewa huyumba hivyo, lakini mtu asiyelewa akiyumba hivyo kwenye mwinuko ule, huenda ubongo umeanza kuvimba, na dawa yake ya kwanza ni kushuka, hapo hapo, usiku au mchana. "Huyu anashuka sasa," mzee alimwambia mratibu. Mratibu akauliza ni nani atakayewapeleka wengine kileleni. Mzee akajibu kwamba msaidizi wake anaijua njia, na mlima utakuwepo mwakani.

Tulishuka watu wanne: mzee, mpagazi mmoja kijana aliyejitolea bila kuombwa, mgonjwa, na mimi. Mwendo wa kurudi Old Moses ni kilomita 14 hivi, na una mahali unapolazimika kupanda tena kabla ya kushuka. Hapo tulimshika mabega huku na huku, na mzee akawa anahesabu hatua kwa sauti ili asilale. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba maji katika chupa yangu yalianza kuganda. Karibu na alfajiri rafiki yangu aliuliza kama kuna uji. Sikuwahi kusikia swali zuri kuliko hilo. Kwenye mgongo wa mwisho mzee alitusimamisha tupumzike, akatuonyesha vilele nyuma yetu vikianza kupata rangi: Batian wa mita 5,199 na Nelion wa mita 5,188, ambavyo mtu havipandi bila kamba na ujuzi wa miamba, na Lenana, mita 4,985, ambako wenzetu walikuwa wakifika saa ile. Nililia, nami sijui kama nililia kwa kukikosa kilele au kwa sababu ya uji. Gari lilitukuta Old Moses, na hospitalini Nanyuki daktari alituambia kwamba aliyemshusha ndiye aliyemtibu. Baada ya siku mbili alikuwa mzima.

Nilianza kwa kusema msiende, na nilipofika katikati ya kuandika haya nilitaka kufuta sentensi ile. Kocha wa Iten, fundi wa tangi na mzee wa mlimani ni walimu ambao sikupata mfano wao darasani, na bila safari hii nisingewajua. Kwa hiyo nendeni Iten, mkijipangia wenyewe. Na kama mtapanda mlima na kundi lolote, ombeni kwa maandishi idadi ya usiku mtakazolala Shipton, na jina la mtu mwenye neno la mwisho mgonjwa anapotakiwa kushushwa. Likiwa si la mwongozaji, bakini Nanyuki. Hivyo ndivyo nilivyokusudia kumaliza, kwa upole kiasi.

Lakini juma lililopita vyeti vilifika. Changu kinasema nimefika Point Lenana, mita 4,985, kwa mwandiko niliouona ukikauka usiku ule. Cha rafiki yangu kinasema vivyo hivyo. Nilimwandikia mratibu nikimweleza kwamba hatukufika, na kwamba yeye anajua kwa nini, nikamwomba vyeti virekebishwe. Alinijibu kwa mstari mmoja kwamba vyeti vilishaandikwa. Basi ushauri wangu unabaki ule wa mwanzo. Cheti changu nimekirudisha ofisini kwao ndani ya bahasha ile ile, pamoja na karatasi niliyoandika kwa mkono wangu: Shipton, mita 4,200.