Nilivyojifunza kupiga mbizi Nungwi nikitokea Arusha

Huku Arusha ukimwambia mtu umekwenda Zanzibar kuzamia, atadhani umedandia meli ya kwenda Ulaya. Kwa hiyo nitasema kupiga mbizi, ile ya mtungi mgongoni na maski usoni, chini kabisa kwenye matumbawe. Mimi ni dereva na mwongoza watalii. Miaka mingi nimewashusha wageni uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) wakienda kumalizia safari Zanzibar, na wale wanaorudi mwaka mwingine hunisimulia kasa na pweza wa bahari yetu wenyewe, mimi nikiwa sijawahi kuingiza kichwa ndani ya maji hayo. Novemba iliyopita kazi zilipopungua nikaamua kwenda Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Kusi ilikuwa imekwisha na kaskazi bado haijashika, bahari imetulia.

Kabla hujalipa popote, jifunze kuogelea. Nimekulia Ngaramtoni, maji niliyoyajua ni ya ndoo na ya mfereji, kwa hiyo nilianza ukubwani kwenye bwawa la hoteli moja hapa mjini, miezi mitatu, Jumanne na Jumamosi. Kozi ya kwanza ya PADI, shirika la kimataifa linalotoa vyeti vya mbizi, inaitwa Open Water Diver, na inakutaka uogelee mita 200 kwa mtindo wowote bila kupimiwa muda, kisha uelee dakika 10 bila kushika kitu. Kwenye bwawa la mita 25 hizo mita 200 ni kwenda na kurudi mara nne. Haihitaji nguvu wala mbio. Niliona kijana mwenye kifua kuliko mimi akikurupuka na kuishiwa pumzi kabla ya nusu, wakati mama mmoja wa makamo alimaliza taratibu, anaongea.

Ipo pia mbizi ya kuonja, ya siku moja, ambayo mwalimu anakushika na hamvuki mita 12. Hiyo hawakudai kuogelea. Wengi wanaanza nayo, na wengine wanaifurahia, lakini kama maji yenyewe bado yanakutisha mimi nisingekushauri. Maski ikivuja maji yakaingia puani, hofu ndiyo itakayokuendesha.

Sasa fomu ya afya, na hapa nina donge. Ofisi ya kwanza niliyokwenda, sitaitaja, walinipa fomu tukiwa tayari tumesimama ufukweni, boti inanguruma. Inauliza pumu, moyo, kifafa, upasuaji wa masikio, ujauzito, dawa unazotumia. Nikamwambia yule dada wa mapokezi kwamba nilikuwa na pumu utotoni. Akaniambia, "Kaka, weka hapana kote, vinginevyo hutapanda boti leo." Nikarudisha kalamu. Pumu si jambo la kuficha kwenye mchezo huu: hewa ikinaswa ndani ya mapafu wakati unapanda juu, inatanuka, na mapafu yanaweza kupasuka. Ukijibu ndiyo hufukuzwi, unatakiwa daktari akupime na kusaini. Nilirudi Arusha, nikapimwa mapafu kwa kupuliza kwenye mashine, nikaeleza tangu lini sijashikwa, daktari akasaini. Nauli ya kwenda na kurudi iliniuma, siwezi kusema haikuniuma. Pakua fomu kwenye mtandao, uende nayo kwa daktari ukiwa bado nyumbani.

Chuo cha pili ndicho nilichosomea, na kwa uaminifu wangu wote ninakipa alama za juu. Siku nne. Nadharia niliisoma kwa simu kabla sijaondoka. Siku mbili tukawa kwenye maji ya kina kifupi, kisha mbizi nne za baharini kwa siku mbili, na hatukuvuka mita 18, ndio mpaka wa cheti hiki.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni masikio. Wenzangu madereva wanajua tunaposhuka Seneto kuingia kreta ya Ngorongoro, kama mita 600 za mteremko, masikio yanaziba na unameza mate yafunguke. Mteremko wote ule, kwa mabadiliko ya mgandamizo, ni sawa na kushuka kiasi cha nusu mita tu majini. Ukifika mita 10, mgandamizo umeshakuwa mara mbili ya ule wa juu ya maji. Ndiyo maana mita za mwanzo ndizo zinazouma, na watu wanashangaa kwa nini chini zaidi ni rahisi. Unabana pua, unapuliza taratibu, tena na tena, kabla maumivu hayajaanza. Yakianza, usilazimishe, panda kidogo, jaribu upya. Ukiwa na mafua, kaa ufukweni. Dawa ya kufungua pua inaweza kuisha nguvu ukiwa chini, na hewa ikakosa pa kutokea wakati wa kupanda.

Watu wengi hapa wanaita ule mtungi wa oksijeni. Ndani yake ni hewa hii hii tunayoivuta, imeshindiliwa tu. Na kanuni ya kwanza ambayo mwalimu wetu, kijana wa Nungwi mwenye sauti ya upole, aliirudia mpaka nikaiota: usizuie pumzi kamwe. "Vuta taratibu, toa taratibu. Usigombane na maji, kaka." Mwili wako unajua kinyume chake, ukiingia majini unataka kubana. Inachukua muda kuuzoesha.

Lingine ni dole gumba. Kwetu dole juu ni poa. Chini ya maji dole juu maana yake ni tupande, mbizi imekwisha. Siku ya kwanza aliniuliza kwa ishara kama niko sawa, nikampa dole, akaanza kunipandisha. Sawa ni duara la kidole cha shahada na gumba. Ishara hizi zizoee ukiwa nchi kavu hadi mkono uende wenyewe.

Mbizi ya mwisho tulikwenda Mnemba, kisiwa kidogo cha karibu. Nilivaa bangili ya shanga ya Kimaasai, nyekundu iliyokolea, na kwenye mita 15 shanga zile zilikuwa kahawia kama udongo. Nilijua kutoka kwenye kozi kwamba rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kumezwa na maji, lakini kuiona mkononi mwangu ni kitu kingine. Kasa alipita chini yetu bila haraka. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini walitusumbua siku mbili na ule mkanda wa vizito vya madini ya risasi wa kutuzamisha na jaketi la hewa la kutuelesha: ukibeba uzito mwingi unatua juu ya matumbawe, na matumbawe ni wanyama hai, teke moja la pezi la mpira linavunja kilichoota kwa miaka mingi. Tulipanda mita 9 kwa dakika, tukasimama mita 5 kwa dakika 3, kisha juu.

Kuhusu bei, wengi wanatoza kwa dola. Uliza kama ndani yake mna vifaa, cheti, boti, na ada ya hifadhi ya Mnemba, maana hiyo ya mwisho mara nyingi inakuja pembeni.

Nililoona halisemwi vya kutosha linatuhusu sisi wa bara kuliko mtu wa Dar. Ukiwa chini, naitrojeni ya ile hewa inayeyuka kwenye damu na misuli. Inahitaji muda kutoka. Ukipanda juu mapema, kwa ndege au kwa basi, inaweza kutoka kama mapovu ya soda, na mapovu hayo kwenye viungo au uti wa mgongo ni ugonjwa mzito. Mwongozo unaotumika kabla ya kuruka ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na angalau saa 18 ukiwa umepiga mbizi nyingi au siku kadhaa mfululizo. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Basi kutoka Dar likipita Same limeshapanda zaidi ya mita 800. Kwa hiyo kusema "mimi sipandi ndege" hakukuokoi. Na anayetaka Kilimanjaro na bahari katika likizo moja, aanze na mlima.

Mbizi yangu ya mwisho iliisha saa tano asubuhi. Siku ile nilikaa Nungwi nikiangalia mafundi wanavyochonga majahazi ufukweni, nikalala, na ndege yangu ikaruka kesho yake saa tisa alasiri. Nilikuwa nimepangiwa wageni wa kulala ukingoni Ngorongoro, mita 2,300 hivi, usiku huo huo niliotua. Nilimpigia bosi nikamweleza habari ya naitrojeni. Akanisogezea siku mbili.