Baisikeli ya gurudumu moja: ipi ununue kwanza

Nianze na jibu, maana wengi mtaishia aya hii. Kama wewe ni mtu mzima na hujawahi kupanda baisikeli ya gurudumu moja, nunua ya inchi 20. Nyingine zote zinafuata nyuma yake.

Inchi hizo ni kipenyo cha gurudumu, na ndizo zinazoamua karibu kila kitu, kwa sababu baisikeli hizi kwa kawaida hazina cheni wala friwili. Pedeli zimeungana moja kwa moja na gurudumu: miguu ikizunguka mara moja, nalo limezunguka mara moja. Ukiigandisha miguu, limesimama. Kwa ya inchi 20, kila mzunguko unakusogeza kama mita 1.6, yaani mwendo wa mtu anayetembea ana haraka zake. Ndiyo raha yake kwa mwanafunzi. Mizani ikikutoka, unatua kwa miguu, unaiokota, unapanda tena, na siku za mwanzo utafanya hivyo mpaka uchoke.

Nafasi ya pili naipa inchi 24. Mzunguko mmoja ni kama mita 1.9, na inavuka vijiwe na nyufa za njia bila kukutupa. Mwenye miguu mirefu, au anayejua kabisa kwamba anataka kusafiria na si kucheza uwanjani, anaweza kuanzia hapa. Ila gurudumu likiwa kubwa hukawia kugeuka na kukawia kusimama, na mwanafunzi anachohitaji ni kusahihisha kosa kabla halijawa anguko.

Ya tatu ni inchi 16, na hiyo ni ya watoto ambao miguu yao haijafika kwenye ya 20. Mtu mzima asiinunue kwa kudhani udogo ndio wepesi. Atapedeli kama cherehani na asifike popote.

Inchi 26 na 29 ziache ziwe ununuzi wa pili. Ya inchi 36 na zile ndefu kama twiga, zenye cheni, zinavutia kweli kwenye picha. Ziache kwenye picha kwa sasa.

Ukishachagua ukubwa, angalia kiti kabla ya rangi. Kizuri kimepinda katikati, kimeinuka mbele na nyuma, kwa sababu uzito wako karibu wote utakaa juu yake. Lazima kiwe na kinga za plastiki ngumu ncha zote mbili, maana kila ukishuka, kiti ndicho kinachopiga chini. Kile bapa cha sifongo nyembamba utakijutia siku hiyohiyo. Pedeli ziwe za plastiki. Za chuma zenye meno zitakuchana mbele ya mguu. Krenki, vile vyuma vinavyobeba pedeli, zikiwa na milimita 125 hivi kwa gurudumu la inchi 20 zinatosha. Kwa la 24, 150. Tairi liwe pana, karibu inchi 2. Na kibano cha kiti nakipenda cha bolti kuliko cha mkono wa kufyatua, hasa kwenye baisikeli za bei ya chini: kiti hujizungusha ukiwa juu yake.

Iliyotumika inafaa sana, tena mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei ya kutupa. Lakini hapa ndipo nilipoumia. Yangu ya kwanza niliuziwa gurudumu likiwa limefungwa kinyume, na sikujua kwamba kuna kinyume. Pedeli ya kushoto ina meno ya skrubu, yale yanayoingia kwenye krenki, yanayokaza kuelekea upande usio wa kawaida, ili uendeshaji wenyewe usiifungue. Ukigeuza gurudumu, kila mzunguko unazifungua pedeli zote mbili taratibu. Siku ya tatu moja ilining'inia, nikaikaza kwa nguvu, ikaning'inia tena, mpaka meno ya krenki yakalika na ikabidi ninunue krenki nyingine. Kwa hiyo tazama ncha za pedeli au krenki: herufi R ni ya mguu wa kulia, L wa kushoto, ukiwa umekaa na upande wa kiti wenye mshikio ukiwa mbele.

Kisha iinue na ulizungushe gurudumu kwa kidole. Likisita, huenda vibano vya beringi vimekazwa mno, na hilo ni la dakika mbili. Lakini shika krenki zote mbili uzisukume huku na huku, moja mbele na nyingine nyuma. Ukisikia kitu kinacheza ndani, iache hapo hapo.

Kimo cha kiti kipimwe kabla hujalipa. Weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke karibu wote. Wanaoanza hukishusha kwa woga, halafu mapaja yanawaka moto wakidhani ni kukosa mazoezi. Kama kiti kimeshushwa hadi mwisho na kisigino bado hakifiki, rudi ukubwa mmoja chini.

Omba na spana ya milimita 15 kwa ajili ya pedeli, pamoja na ya kukazia krenki. Zikaze tena baada ya kuendesha saa chache za mwanzo. Krenki ya tundu la pembe nne ikiendeshwa imelegea, tundu hupanuka, na likishapanuka hakuna fundi atakayelirudisha.