Mfuniko wa rejeta ulionusuru injini yangu: uzoefu wangu na gereji ya Nyakato

Probox yangu ina injini ya 1NZ, cc 1500, na kazi yake ni kubeba magunia ya dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, Mwanza, kwenda Magu. Mwezi uliopita ilianza kuchemsha. Nikifika Igoma na mzigo, taa nyekundu inawaka, naegesha pembeni na kusubiri huku wateja wakinipigia simu.

Fundi wa kwanza hakupima chochote. Alisema thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta, haina kazi kwenye nchi za joto, akaing'oa, akajaza rejeta maji ya ziwa kutoka kwenye dumu. Tangu siku hiyo asubuhi injini ilikuwa inachelewa kupata moto, mafuta yakawa yanaisha haraka, na Kisesa bado ikachemka. Fundi wa pili akaniambia gasketi imeungua, lazima silinda hedi ishushwe, niandae shilingi 450,000. Nilikuwa tayari nimeshaomba mkopo kwenye kikoba.

Shemeji yangu ndiye aliyenisihi nipite kwanza gereji moja ndogo ya Nyakato. Nilifika gari likiwa bado la moto, na kijana pale hakugusa rejeta. "Mayu (mama, kwa Kisukuma), tuiache ipoe kwanza, hayo maji yakiruka yatatuunguza." Tulikaa karibu saa nzima, naye akawa ananihoji. Inachemka kwenye foleni au ikiwa inatembea? Maji yanapungua? Yanatoka chini, au yanamwagikia kwenye kopo la akiba? Hakuna aliyewahi kuniuliza hayo.

Ilipopoa akafunga kwenye mdomo wa rejeta pampu ya mkono yenye geji, akajaza presha na kuiacha. Mshale haukushuka, maana yake mipira na pampu ya maji havivuji. Akachomoa kijiti cha oili, ikawa safi, haikugeuka rangi ya maziwa. Akawasha injini mfuniko ukiwa wazi, hakuna mapovu, hivyo hakukuwa na dalili ya gasketi kuungua. Ndipo akaupima mfuniko wenyewe. Umeandikwa 1.1, yaani presha unayotakiwa kushikilia kwa bar, lakini ulikuwa unaachia presha kabla haijafika hata nusu ya hapo.

Maelezo yake ndiyo yaliyonifanya niandike haya. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji matupu huku huchemka kwenye nyuzi kama 96, hayangoji 100. Thamostati ya injini hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Nafasi iliyobaki ni ndogo mno kwa gari lenye mzigo. Mfuniko mzima ukishikilia presha, na ndani kuna kulanti (dawa ya rejeta) nusu kwa nusu na maji safi, kiwango cha kuchemka kinapita nyuzi 120. Na thamostati si pambo: bila hiyo injini inakaa baridi muda mrefu, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inazidi kumwaga petroli. Ndiyo maana matumizi yangu yalipanda.

Walipoisafisha rejeta yalitoka maji ya rangi ya tope. Niliumia kuyaona. Bloku na hedi za 1NZ zote ni aluminiamu, zikizidiwa na joto zinapinda, na mimi nilikuwa naendesha hivyo wiki mbili.

Mfuniko ulikuwa 20,000, thamostati mpya 45,000, kulanti 40,000, ufundi 30,000. Jumla 135,000, na vile vya zamani nikakabidhiwa mkononi. Mpira wa mfuniko ulikuwa umekauka na kupasuka.

Kasoro zipo. Bei ya thamostati niliambiwa ikiwa imeshafungwa, jambo ambalo sikulipenda na nilimwambia. Kulanti hawakuwa nayo, ilibidi niifuate mjini kwa bodaboda. Hakuna kivuli cha maana cha kukaa mteja, na risiti hadi uidai. Ukienda, ondoka nyumbani mapema. Mimi nilitoka pale saa kumi jioni.

Nimeshakwenda Magu safari sita tangu hapo, gunia zote zikiwa zimepakiwa. Kila asubuhi kabla ya kuwasha nachungulia kopo la akiba, na kulanti iko kwenye mstari uleule aliouchora kwa maka peni.