Kitalu cha Shangani: mimea ya kufunika mchanga

Ukitaka kufunika mchanga wa uani hapa Mtwara bila kuhangaika na maji, nenda kitalu cha miche kando ya barabara, Shangani. Nilichukua pochulaka, ile ya majani manene na maua yanayofunguka juani na kujifunga jioni. Mama muuzaji akaniongezea vipande bure: "Mwanangu, viache kivulini siku mbili, pale palipokatwa pakauke, ndipo uchomeke." Vyote vimeshika, vinatambaa hadi barazani, na upepo wa chumvi hauvisumbui. Nakipenda sana kitalu hiki. Ila udongo wa viriba vyao ni mfinyanzi, unatuamisha maji, na mizizi ya mimea hii huoza upesi. Ukung'ute wote, upande kwenye mchanga wenye samadi kidogo. Mvua zikianza Desemba, usimwagilie kabisa.