Muuguzi anayekabili tatizo na anayetuliza moyo: nani hujiendeleza kazini?
Mwaka 1984 wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman walizigawa njia za kuhimili shinikizo katika makundi mawili: kulikabili tatizo lenyewe, au kutuliza hisia linazoleta. Wodini tofauti huonekana haraka. Ni zamu ya usiku, glavu zimeisha. Wa kwanza anaandika kwenye kitabu cha ripoti, anampigia msimamizi, asubuhi analifikisha kwa matroni. Mara nyingi huyo huyo ndiye anayeulizia fomu za kutoka stashahada kwenda shahada. Wa pili anasali, anataniana na wenzake, zamu inakwisha. Si mvivu. Kifo cha mgonjwa hakitatuliwi kwa barua, na hapo namwona wa pili kuwa imara zaidi. Shida ni akizoea kumezea hata ratiba mbovu. Nafasi za masomo zitampita.

Kushikamana na kituo cha kazi nako hakufanani. Anayejua kwamba matroni atamsikiliza huthubutu kuomba ruhusa ya masomo. Anayeng'ang'ania kwa hofu ya kuonekana msaliti (na wapo wengi) hupokea kila zamu ya ziada, kozi akaiahirisha hadi mwakani. Kwa msimamizi, wa namna hii ni rahisi kumsifu kuliko kumpandisha.