Nyota ya Miale 72: Hii 4K ni 4K Kweli?

Karibuni tena, watazamaji wangu. Kamera iliyo mezani leo mnaiona nimeizungushia utepe mweusi mahali pa nembo. Ni makusudi. Nikiitaja jina tu, nusu yenu mtaacha kuangalia picha muanze kushabikia timu, halafu tutamaliza wiki nzima tunatukanana kwenye maoni. Jueni haya tu: ni kamera ya sinema, sensa yake ni ya Super 35, yaani ukubwa wa fremu ya filamu ya sinema ya milimita 35, na boksi limeandikwa 4K kwa herufi kubwa kuliko jina la kamera yenyewe. Na nikisema sensa simaanishi ile ya kuhesabu watu, ingawa hii nayo ni mhesabuji: inahesabu mwanga.

4K hapa ni pikseli 4096 za upana, yaani nukta za picha. Swali la leo: kati ya hizo 4096, ngapi zinafanya kazi kweli?

Nauliza kwa sababu kijitundu kimoja cha sensa, yaani pikseli moja, hakioni rangi zote. Sensa nyingi mpaka leo zinafuata mpangilio wa Bryce Bayer, mwanasayansi wa kampuni ya Kodak, aliyepewa hataza yake mwaka 1976. Chukua vijitundu vinne: viwili vinapokea kijani, kimoja chekundu, kimoja bluu. Rangi mbili zinazokosekana kwenye kila pikseli, kamera inazikisia kwa kuchungulia kwa majirani. Inakisia vizuri sana, lakini inakisia. Ndiyo maana mafundi wengi hukadiria kwamba ukiwa na sensa ya namna hii, utavuna asilimia 70 hadi 80 hivi ya hesabu iliyo kwenye boksi.

Haya, twendeni ukutani. Hii chati inaitwa nyota ya Siemens. Miale myeusi 72, katikati yake myeupe 72, yote inakimbilia kitovuni. Kadiri unavyosogea ndani, miale inabanana, mpaka kamera inashindwa kuitenganisha na pale katikati panakuwa doa la kijivu. Doa hilo ndilo ninalolitafuta.

Na hesabu yake haihitaji maabara. Mwale mweusi na mweupe wake wanahitaji angalau pikseli mbili, moja ya kila mmoja. Miale 72 mara mbili, pikseli 144 kwenye mzingo. Gawanya kwa 3.14, unapata kipenyo cha pikseli 46. Ndani ya duara hilo hakuna kamera duniani itakayokuonesha miale ya kweli. Hicho ndicho mafundi wanakiita kikomo cha Nyquist. Likaririni hilo duara la 46, litatufaa sasa hivi.

Navuta picha karibu. Kasi ya kawaida, fremu 24 kwa sekunde. Mnaona miale inavyoingia safi, inaanza kufifia, halafu inazama kwenye kijivu bila vurugu? Nimeweka mpaka pale tofauti ya weusi na weupe inapobaki asilimia 10 tu. Kipenyo cha doa: pikseli 62. Chukua 46 gawanya kwa 62, unapata asilimia 74. Hapo kamera hii imefaulu. Haikufanya muujiza, lakini haikudanganya.

Sasa nabadilisha kwenda fremu 120 kwa sekunde, ile ya kupiga mwendo wa taratibu. Faili bado linasema 4096. Tazama nyota.

Mmeona? Miale imeanza kupinda, kama nyavu mbili zilizowekwa moja juu ya nyingine. Kuna zambarau hapa, kijani pale, wakati chati ni nyeusi na nyeupe tupu. Na angalieni ndani kabisa ya lile duara letu la 46: kuna miale! Mtu asiyejua atasema, "Lo, hii ni kali kuliko ya kwanza." Kumbe hiyo miale haipo. Ili iwahi kasi, kamera inaruka baadhi ya mistari ya sensa, halafu inaitanua picha ijaze 4096. Kwenye shati la mistari au ukuta wa matofali, utaona rangi zinacheza ngoma ambayo hukuipiga.

Udanganyifu wa pili ni wa kunoa, yaani kamera kukoleza kingo za vitu ili picha ionekane kali. Kwenye menyu, kiwandani wameacha unoaji kwenye namba 3. Mtazame huyu mwale: pembeni ya weusi kuna uzi mweupe mwembamba, mweupe kuliko karatasi yenyewe. Huo uzi umechorwa na kamera. Ukipima kwa njia ya ukingo ulioinama kidogo, ile ya kiwango cha kimataifa cha kupima ukali wa kamera, ISO 12233, grafu inaweza kupanda juu ya asilimia 100, yaani kamera inaonesha tofauti kubwa kuliko iliyoko ukutani. Nimeweka sifuri kabla ya kupima. Nanyi wekeni sifuri. Kunoa kutafanyika kwenye kuhariri.

Nikiri na langu. Video iliyopita ya vipimo nilisema kamera fulani ni butu kama kisu cha kuchezea watoto. Mmoja wenu akaniuliza swali dogo tu: lenzi ulifungua f ngapi? Hiyo f ni kipimo cha tundu la lenzi; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Nikarudi kuangalia. f/16! Kwenye f/16 mwanga wenyewe unatawanyika, nukta moja inakuwa doa la mikroni 21 hivi, wakati pikseli za kamera kama hii ni mikroni 6. Nilikuwa napima tundu la lenzi, siyo kamera. Leo nimetumia f/5.6, na fokasi nimeirudia mara tano nikachukua iliyo bora.

Kuna jambo moja hii nyota haisemi. Kamera ya sinema ya ARRI Alexa ilipotoka mwaka 2010, picha yake ilikuwa na pikseli 2880 tu kwa upana, huku mshindani wake, kamera ya RED One, ikiwa imeshatangulia na 4K yake tangu 2007. Mbona filamu za Alexa zilifika mpaka kwenye skrini kubwa mno za IMAX na watu hawakulalamika? Kwa sababu jicho halihesabu miale myembamba kabisa. Linaangalia ile ya kati, kope, nywele, mshono wa nguo, kama weusi wake ni weusi kweli. Kamera inayoshika tofauti hapo itaonekana kali hata kama doa lake la kijivu ni kubwa. Ndiyo maana kwenye grafu mimi huangalia kwanza ile asilimia 50, pale tofauti ya weusi na weupe inapobaki nusu, ya 10 baadaye.

Kwa hiyo: unapiga tamthilia, mahojiano, nyuso za watu, chukua kamera hii bila wasiwasi. Unapiga mavazi na majengo kwa mwendo wa taratibu, tafuta nyingine, au shuka mpaka fremu 60; nimeipima, doa lake lilirudi kuwa la kijivu safi.

Na utepe sitoi.