Walituuzia safari ya polepole Toscana, wakamfokea mama yangu shambani

Nimesubiri hasira zipoe ndipo niandike, lakini kila nikikumbuka zinapanda upya, kwa hiyo naandika hivyo hivyo. Kama unafikiria kumpeleka mzazi wako kwenye zile ziara za "polepole" za Italia zinazouzwa huku Ujerumani, miji ya sanaa pamoja na mashamba ya mizabibu, nisome kwanza. Jina la kampuni naliacha, malalamiko yangu wanayo mezani kwao.

Mama yangu ni mkulima wa zabibu. Ana shamba lake Mpunguzi, Dodoma, na amelilima tangu mimi sijaanza shule. Alipokuja kunitembelea nilimuuliza anataka kuona nini Ulaya. Hakutaja maduka wala mnara wa Paris. Alisema anataka kuona Waitalia wanavyolima zabibu, maana kwetu wazee watakwambia mizabibu ililetwa Dodoma na wamisionari wa Kiitaliano, wakaipanda kule Bihawana. Nikaingia mtandaoni kutafuta, nikakutana na tangazo hilo. Limeandikwa wazi kabisa: mwendo wa taratibu, muda wa kutosha kila mahali, na huko Chianti, vilima vya mizabibu vya Toscana, "matembezi shambani pamoja na mkulima". Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonitoa pesa. Magoti ya mama hayamruhusu kukimbizana na mtu, na tangazo liliahidi kwamba hakuna kukimbizana.

Tukakimbizwa tangu kituo cha kwanza. Padova kuna kanisa dogo la Scrovegni, ambalo mchoraji Giotto alilichora kuta zote na dari, kazi iliyokamilika mnamo 1305. Utaratibu wa pale ni kwamba mnakaa kwanza kama robo saa kwenye chumba maalumu, hewa na unyevu vitulie ili msiingie na vumbi na joto la nje, kisha mnaruhusiwa ndani kwa robo saa nyingine. Huo utaratibu naukubali kwa moyo wote, unalinda kazi ya miaka mia saba. Nisichokubali ni kiongozi wa msafara kutumia muda ule wa kusubiri kututangazia kwamba "wenye kutembea taratibu" wahakikishe hawacheleweshi basi. Alisema hivyo akimtazama mama. Mama hajui Kijerumani, akamjibu kwa tabasamu. Nikanyamaza, nikasema moyoni labda nimemwelewa vibaya.

Firenze, yaani Florence, sitaisimulia yote. Hoteli ilikuwa nje ya mji, na mabasi makubwa hayaruhusiwi kuingia katikati, kwa hiyo kila asubuhi ni mguu. Kwenye jumba la makumbusho la Uffizi tulipitishwa mbele ya picha za Botticelli haraka haraka. Lakini lazima niwe mkweli: mwongozaji wa mji ule, mama mmoja wa hapo hapo mwenye leseni yake, alikuwa mtu wa ajabu. Mbele ya sanamu ya Daudi ya Michelangelo, zaidi ya mita 5 za marumaru zilizochongwa kati ya 1501 na 1504, alimtafutia mama pa kukaa akamwacha atazame. Mama aliutazama ule mkono wa kulia, mishipa ilivyotuna juu ya kiganja, akasema, "Huyu fundi alikuwa anawaangalia watu wanaofanya kazi." Nikatafsiri, na yule mama wa Firenze akaandika kwenye daftari lake.

Aliposikia tunatoka Tanzania, akatuongoza hadi kanisa la Santa Maria Novella, nyuma ya altare, akatuonyesha kwenye picha ya Mamajusi, ya mchoraji Ghirlandaio, kuna twiga. Twiga kweli, mdogo, anateremka kilima kwa mbali. Alitueleza kwamba mwaka 1487 sultani wa Misri alimpelekea Lorenzo de' Medici, mkubwa wa Firenze wakati huo, twiga hai, akatembezwa mitaani Firenze watu wakichungulia madirishani. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Kwa siku ile peke yake ningewapa alama zote. Hiyo ndiyo safari niliyoinunua. Tatizo ni kwamba mwongozaji yule ni wa Firenze, haendi na msafara. Aliyeenda na msafara ni yule mwingine.

Sasa Chianti.

Basi lilipita barabara ya 222 inayokata vilima kati ya Firenze na Siena. Mama alikuwa amebandika uso kwenye kioo, anataja anachokiona: nguzo, waya, mistari inavyofuata mteremko, mawaridi yaliyopandwa mwanzoni mwa mistari. Tuliposhuka shambani alikuwa wa kwanza kufika kwenye mizabibu, na magoti yake yale. Mkulima alikuwa mzee mwenzake, mkasi wa kupogolea kiunoni, kofia ya majani makavu. Watu walikuwa wanapiga picha. Mama alikuwa anaangalia chini.

Chini ya mizabibu kulikuwa na vishada vimekatwa na kuachwa. Vibichi, vingine vimeanza kugeuka rangi, vimetapakaa mstari mzima. Mama aliinama akaokota kimoja, akakigeuza, akakitafuta ugonjwa. Hakikuwa na ukungu, hakikuwa na mdudu, kishada kizima kabisa. Akanitazama kama aliyeona mtu anamwaga unga. "Kwa nini wamekata?" Nikamuuliza kiongozi, naye akajibu kwa kifupi kwamba wanapunguza ili vinavyobaki vikolee, na kwamba sheria ya mvinyo wa Chianti Classico hairuhusu zaidi ya tani 7.5 za zabibu kwa hekta. Sawa. Nikamweleza mama. Akafikiri kidogo, akauliza swali ambalo ndiyo kiini cha malalamiko yangu yote haya: "Na hizi zilizotupwa chini, nani anamlipa?"

Tafadhali lielewe swali hilo. Mama anauza zabibu kwa kilo. Kila kishada kilichopo kwenye mti ni hela, na kuna misimu mnunuzi haonekani, zabibu zinaozea shambani huku mkulima anatazama. Mtu aliyekaa na jambo hilo maisha yake yote amefika mbele ya mkulima wa Chianti, mvinyo wenye jina dunia nzima, ana swali moja la kazi kwa mwenzake wa kazi. Katika msafara ule hakuna aliyeuliza swali la maana kuliko hilo. Nililiweka kwa Kijerumani, kwa adabu, nikamwomba kiongozi alifikishe kwa yule mzee kwa Kiitaliano.

Hakulifikisha. Alitazama saa, akaniambia kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, maana ilipita kwenye hedifoni zetu zote: "Mwambie mama yako watu hawa wamelipa kuonja mvinyo, hawakulipa kujifunza kilimo." Halafu akapiga makofi mawili, kama anafukuza kuku, akageuka kuelekea ghalani.

Mama hakuelewa maneno, lakini makofi hayahitaji mkalimani. Alikirudisha kile kishada chini, taratibu, akakiegemeza kwenye shina la mzabibu, akajifuta mikono kwenye kitenge. "Twende mwanangu," akasema, "tusigombane kwenye shamba la watu."

Hapo ndipo nilipogombana. Nilimwambia yule bwana kwamba tangazo linasema matembezi na mkulima, mkulima huyu hapa, na mama yangu amelipiwa sawa na kila mtu. Akajibu kwamba ratiba haipangwi na mtu mmoja. Ratiba gani? Tulipoingia ghalani tulikaa muda mrefu ajabu, meza imejaa glasi, karatasi za kuagiza katoni zinazunguka, nani anataka sita, nani anataka kumi na mbili, usafirishaji mpaka mlangoni kwako. Muda wa kuuza chupa haukupungua hata kidogo. Mama alikaa pembeni na glasi ya maji. Nilitamani kulirudisha lile basi Ujerumani mimi mwenyewe.

Nilikuwa nimeshaamua kuandika kwamba mtu yeyote asiguse ziara hii. Ila kilichotokea baadaye kinanivuruga, na sitaki kukificha.

Binti wa shamba aliyekuwa anamimina mvinyo alijua Kijerumani. Nadhani aliona uso wangu. Aliniuliza kuna nini, nikamwambia, nikamrudia swali la mama neno kwa neno. Aliweka chupa mezani, akaenda kumwita yule mzee, ambaye kumbe ni baba yake. Wakavuta viti wakakaa na mama pale pembeni, na tukawa na mazungumzo ya lugha tatu huku wengine wakionja. Jibu lilikuwa hivi: wao hawauzi zabibu, wanatengeneza mvinyo wao wenyewe, kwa hiyo hasara ya vishada vilivyotupwa inarudi kwenye bei ya chupa. Jirani zao wanaouza zabibu kwa wengine, akasema mzee, wanalia kila mwaka kama mama. Mama akatikisa kichwa kwa uzito. "Kumbe na huku."

Kisha ikawa zamu ya mzee kuuliza. Mama alimwambia Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mzee alimtazama binti yake kuhakikisha tafsiri imekaa sawa, akavua kofia. Wao wanavuna mara moja tu, Septemba na Oktoba, halafu baridi inailaza mizabibu mpaka masika. Mama akamweleza kwamba kwetu hakuna baridi ya kuilaza, mkasi ndio unaoiamsha: ukipogoa, inaanza upya. Mzee akachomoa mkasi wake kiunoni akampa mama amwonyeshe anakata wapi, macho mangapi ya kuchipua anaacha. Walikuwa wanakata hewa, wawili hao, wanaelewana bila mimi wala binti. Mvinyo mama alionja tone tu, akasema unakausha ulimi. Zaidi hakujali.

Kiongozi alikuja kutuita. Binti akamjibu kwa Kiitaliano, kwa upole lakini sentensi ndefu, na yule bwana akarudi alikotoka. Sikuuliza alimwambia nini.

Kwa hiyo safari ilikuwa mbaya au nzuri? Mama ukimuuliza leo atakwambia ilikuwa nzuri sana. Mimi nasema uzuri wote wa siku ile ulitoka kwa watu wa shamba, ambao hawakupokea hata senti ya kutusikiliza, na ubaya wote ulitoka kwa mtu niliyemlipa. Siwezi kuwapa kampuni sifa ya jambo walilojaribu kulizuia.

Na Siena wakarudia. Kwenye jumba la Palazzo Pubblico kuna chumba ambacho mchoraji Ambrogio Lorenzetti alichora mwaka 1338 na 1339 matokeo ya utawala mzuri na utawala mbaya. Ni chumba walichokutania viongozi tisa wa mji, kila wakiinua macho wanaona wajibu wao ukutani. Upande wa utawala mzuri kuna mji wenye mafundi na wachuuzi, ukitoka langoni unaingia shamba: watu wanapura nafaka, punda wamebeba mizigo, na chini ya ukuta wa mji mizabibu kwa mistari. Mama alisimama hapo, akaifuata ile mistari kwa kidole hewani. Upande wa pili, wa utawala mbaya, mashamba yameachwa na askari wamejaa. Mama ndiye aliyeniambia kwamba huko hakuna mtu analima. Mimi sikuwa nimeona. Kiongozi alikuwa mlangoni anaonyesha saa yake kwa kidole. Safari hii nilimwambia mama asisogee, basi litatusubiri, na likatusubiri. Dereva, Mungu ambariki, alizima injini, akashuka kumpa mama mkono apande ngazi.

Ushauri wangu nautoa bila kusita kuhusu Italia, na kwa kusita kuhusu hawa. Italia nenda. Nenda na mzazi wako. Lakini kama mzazi wako ni mtu wa kuuliza, usimkabidhi kwa mtu mwenye saa mkononi. Firenze hadi Siena kuna treni ya kawaida, ni kama saa moja na nusu, na kuna basi pia. Siena ukitokea chini kwenye maegesho ya Fontebranda kuna ngazi za umeme zinazokupandisha hadi mjini, magoti hayasumbuki. Msafara wetu ulipandishwa kilima kwa miguu na hakuna aliyetuambia kwamba ngazi hizo zipo. Mashamba mengi ya Chianti yanapokea wageni ukipiga simu mapema, na ukisema unakuja na mkulima watakupangia mkulima.

Kampuni ilinijibu baada ya wiki kadhaa. Wanasikitika "matarajio yangu hayakufikiwa", wananipa punguzo kwenye safari ijayo. Matarajio gani? Matembezi na mkulima wameyaandika wao kwenye tangazo lao. Nimewarudishia barua hiyo. Punguzo silitaki. Nataka yule yule aliyesema maneno yale amwandikie mama yangu kumwomba radhi, kwa jina lake mama, na nimewapa sanduku la posta la parokia yetu. Nimewaambia waandike hata kwa Kijerumani, nitamsomea mwenyewe kwenye simu. Mpaka leo hakuna kilichofika.